Marumaru: Doa jeupe si uchafu

Watu wengi waonapo alama iliyofifia juu ya meza ya marumaru, hukimbilia limau au siki na kuisugua. Hapo ndipo huiharibu kabisa. Alama hiyo, ambayo aghalabu ina umbo la kitako cha glasi, si uchafu. Ni kidonda, jiwe lenyewe limeliwa.

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na kukandamizwa ardhini kwa muda mrefu mno, yawe ya Carrara kule Italia au ya hapa kwetu Kajiado. Chokaa na asidi hazipatani. Maji ya ukwaju, kachumbari, soda au sharubati ya machungwa yakimwagika, mng'aro huanza kupotea kabla hujafika jikoni kuchukua kitambaa. Dawa za kuoshea choo ni mbaya zaidi, na ukizichanganya na zile za klorini hutoa hewa ya sumu.

Mpangaji ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwani jiwe likiharibika amana aliyomwachia mwenye nyumba yaweza kukatwa. Basi na ajue kwanza ana jiwe gani. Graniti pia hung'aa, lakini haidhuriwi na limau. Dondoshea tone moja pembeni pasipoonekana, ungoje dakika chache, kisha ufute. Pakitoa mapovu au pakififia, hiyo ni marumaru.

Kwa usafi wa kila siku, maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo yatosha. Suuza, kisha ukaushe. Sakafuni adui ni mchanga. Katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, marumaru ni kama 3 na chembe za mchanga hufika 7. Viatu na vibaki mlangoni.

Madoa ya mafuta au manjano ni jambo jingine, kwa kuwa hayo yamezama ndani. Koroga bekingi soda (si bekingi pauda, hiyo ina asidi) na maji hadi iwe uji mzito, paka, funika kwa plastiki kwa siku nzima, kisha ufute. Huenda ukarudia mara mbili au tatu.

Wauzaji husifu dawa ya kuziba vitundu vya jiwe. Ni nzuri kwa mafuta, lakini haizuii limau hata kidogo. Mng'aro uliokwisha kuliwa hurudishwa na fundi mwenye mashine ya kusaga na kung'arisha, naye hapunguzi bei.