Masomo ya video ya kutangaza biashara: msindikaji wa alizeti ahesabu nini kabla ya kulipa ada

Wiki hii tunaweka kando bei za magunia na madumu ili tuzungumzie gharama nyingine ambayo imeanza kuingia katika daftari za wafanyabiashara wa mkoa wa Singida. Mwenye simu ya kisasa hamalizi siku bila kukutana na mtu anayeahidi kumfundisha kuuza kupitia Instagram, Facebook, TikTok au WhatsApp. Masomo hayo hutolewa kwa video. Mengine ni ya bure, na mengine hutozwa hadi laki kadhaa.

Kabla ya kutoa pesa ni vema kujua kilichopo bure. Julai 2017, mjini Lagos, kampuni ya Google ilitangaza mpango wa kuwafundisha Waafrika milioni 10 stadi za mtandao katika muda wa miaka mitano. Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, ina masomo yake yaitwayo Blueprint, na HubSpot Academy hufundisha masoko ya mitandao kwa video bila ada. Tatizo ni kwamba mengi ni ya Kiingereza na mifano yake ni ya maduka ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo anayelipia somo la Kiswahili analipia lugha, mpangilio na mwalimu wa kujibu maswali yake. Mwalimu akiwa hajibu, mnunuzi amelipia kitu ambacho angekipata bure kwa kukitafuta kwenye YouTube.

Usisahau kifurushi. Saa moja ya video ya ubora wa chini hutumia takriban MB 300, na ile ya ubora wa juu hupita GB 1. Somo la saa kumi lina gharama yake hata likiitwa la bure.

Tuje kwenye kinachofundishwa. Kanuni ya kwanza karibu katika kila somo ni kumchagua mnunuzi kabla ya kutangaza, na hapa Singida kanuni hii ina maana ya moja kwa moja. Mashine ya kukamua alizeti hutoa bidhaa mbili: mafuta na mashudu. Anayenunua mafuta ni mama wa nyumbani, mama lishe au mwenye duka. Anayenunua mashudu ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa au mtengeneza chakula cha mifugo, naye huuliza bei ya gunia na nauli, wala hajali chupa ina lebo gani. Ukiwaweka wote katika tangazo moja, kila mmoja ataona linamhusu mwingine. Ni afadhali video mbili fupi, kila moja kwa watu wake.

Kanuni ya pili ni kuaminika, nayo ndiyo ngumu zaidi. Mnunuzi wa Dar es Salaam anatakiwa atume pesa kwa mtu asiyemjua aliye umbali wa kilometa 700 hivi, kisha asubiri mzigo kwenye basi au lori. Anahofia mafuta yaliyochanganywa, au tenga la kuku wa kienyeji kufika na kuku pungufu. Picha nzuri iliyookotwa mtandaoni haiondoi hofu hiyo. Inayosaidia ni video ya mashine yako ikikamua, mzani ukionekana, dumu likifungwa na jina la mnunuzi likiandikwa juu yake. Mbaazi zako zikiwa na vumbi, ziache zionekane na vumbi na useme bei yake. Muuza asali wa Manyoni au Itigi naye ajihadhari na kudai kuwa asali yake inaponya kila maradhi, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Nawe pia ulindwe. Ujumbe wa simu unaosema umelipwa si malipo. Angalia salio kwanza, ndipo mzigo upande gari.

Kanuni ya tatu ni kupima, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Wafuasi elfu kumi ni kama lumbesa ya vitunguu pale Misuna: gunia limejaa macho, lakini mwenye kulipwa hajui amelipwa kwa kilo ngapi. Hesabu iliyo na maana ni ya walionunua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Somo limegharimu Sh. 150,000. Faida yako kwa dumu la lita 20, baada ya nauli, ni Sh. 6,000. Kila wiki unalipia tangazo la Sh. 20,000, watu 30 wanaandika kuulizia na watano wananunua dumu moja moja. Faida ni Sh. 30,000, ukitoa tangazo, zinabaki Sh. 10,000. Ada itarudi baada ya wiki 15, na bado hujahesabu kifurushi wala muda wa kuwajibu wale 25 ambao hawakununua. Wakinunua watatu tu kwa wiki, faida ni Sh. 18,000, yaani kila wiki unapoteza Sh. 2,000 huku ukurasa wako ukisifiwa.

Lipo jambo ambalo somo likiliacha ni kasoro kubwa: duka la mtandaoni limejengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa hapa nchini, na kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliweza angalau kuwapigia pale simu ziliposhika. Namba hizo zichukuliwe kwa ridhaa ya wenyewe na zisiuzwe kwa mtu mwingine, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023.

Lililobaki ni wakati wa kutumia pesa ya tangazo. Alizeti huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na miezi hiyo kila kona ya barabara kuu ina madumu ya mafuta. Tangazo la Juni linashindana na mafuta ya kila mtu. Mwenye mtaji mdogo atumie miezi hiyo kupiga video za mashine ikifanya kazi na kukusanya namba za wanunuzi, na fungu kubwa la tangazo alibakize hadi Desemba na Januari, wakati ghala nyingi zimepungua na yeye bado ana madumu ya kuuza.