Mtambo Usiokubali Kuzimika: Sababu Zake na Dawa Yake

Dereva wa pikapu kuukuu afika sokoni na mzigo wake wa kabichi, asimamisha gari, afunga ufunguo na kuutoa. Badala ya kunyamaza, mtambo waendelea kutikisika na kugonga kwa muda, kisha wazimika kwa kishindo na harufu ya petroli. Watu hutazama wakicheka, lakini mwenye gari hacheki, maana aiona mbele yake gharama ya fundi. Taabu hii huyapata sana magari ya zamani yenye kabureta, kama vile Peugeot 504 na Datsun 1200. Mara nyingi dawa yake ni rahisi, ikiwa mwenye gari ataanza na mambo madogo kabla ya kukubali mtambo wake ufunguliwe.

Sababu yake

Katika magari hayo ufunguo hukata umeme uendao kwenye plagi. Kwa kawaida haukati petroli. Mtambo ungali ukizunguka, pistoni huendelea kuvuta hewa kupitia kabureta, na hewa hiyo huja na petroli. Ikiwa ndani ya silinda mna kitu kilichoiva kwa joto, kama vile masizi magumu, ncha ya plagi au ukingo wa vali, petroli hushika moto bila cheche. Ni mfano wa kaa lililobaki jikoni: miali imekwisha, lakini ukitupia nyasi kavu zawaka. Basi hapana budi viwepo vitu viwili, petroli na joto la kupita kiasi. Kikiondolewa kimoja, mtambo utazimika.

Lakini mtambo ukiendelea kunguruma sawasawa, kana kwamba ufunguo haukuguswa, huo ni ugonjwa mwingine. Kosa litafutwe katika swichi na nyaya za umeme.

Mambo ya kutazama kwa taratibu

Kwanza, mwendo wa mtambo gari likiwa limesimama. Magari mengi ya silinda nne hutakiwa kuzunguka kiasi cha mara 700 mpaka 900 kwa dakika. Ukizidi hapo, mlango wa kabureta umebaki wazi mno. Mtambo upate moto kamili na choki irudishwe, kisha skrubu ya mwendo ilegezwe kidogo kidogo. Ikiwa mtambo wataka kufa kila unapopunguzwa, huenda cheche huchelewa kutoka; fundi aitazame taimingi badala ya kuificha ila hiyo kwa kuongeza mwendo.

Pili, kabureta nyingine zina vali ndogo ya umeme ifungayo njia ya petroli ufunguo unapofungwa. Mtu mmoja afungue na kufunga ufunguo bila kuwasha mtambo, na mwingine asikilize karibu na kabureta. Vali nzima hulia “tik”. Ikikaa kimya, waya wake ukaguliwe kabla ya kununua nyingine.

Tatu, joto. Mtambo ukiwa baridi, maji ya rejeta yatazamwe, na mkanda wa feni pia. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe mtambo ukiwa moto, kwani mvuke huunguza vibaya. Plagi ziwe za namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Tena, gasketi au mpira uliopasuka kati ya kabureta na mtambo huingiza hewa ya ziada, petroli ikawa haba kuliko hewa, na joto likapanda.

Nne, mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hujiwasha upesi kuliko petroli safi. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta ya magari. Vilevile kabureta iliyorekebishwa Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ikiteremshwa Mombasa hukuta hewa nzito na jua kali. Petroli huwa haba kwa hewa hiyo, na gari lililozimika vizuri bara laweza kukataa kuzimika pwani.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ifaapo kufungua kichwa cha mtambo na kukwangua masizi.

Kabla ya fundi kupatikana

Dereva auache mtambo ungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuufunga, wala asikanyage mafuta wakati wa kuzima. Ukikataa, akaze breki, atie gia ya juu, kisha aachie klachi polepole ufunguo ukiwa umefungwa, mtambo utakufa. Asitie mkono karibu na feni.

Taabu hii isipuuzwe. Kila pigo la moto wakati usiofaa huumiza pistoni na beringi, na pengine mtambo huzunguka kinyume, pampu ikashindwa kusukuma oili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Robo saa ya kukagua skrubu, waya na maji yaweza kumwokolea mwenye pikapu mapato ya mavuno mazima.