Saitometria ya Mtiririko: Maabara ya Pamoja na Damu Itokayo Mbali

Saitometria ya mtiririko ni mbinu ya kuchunguza seli moja moja zinapopita mbele ya mwanga wa leza zikiwa zimeelea katika kimiminika. Kwa kuwa kila seli hupimwa peke yake, mbinu hii imekuwa tegemeo la utafiti wa kinga ya mwili, saratani za damu, chanjo na maambukizi ya aina nyingi. Nchini Tanzania watu wengi wamenufaika nayo bila kulijua jina lake, maana kipimo cha CD4, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichoamua nani aanze dawa za kufubaza VVU tangu mpango wa taifa wa matunzo na tiba ulipoanza mwaka 2004, kilifanywa kwa kiasi kikubwa na mashine za aina hii. Lakini kipimo kile kimoja ni sehemu ndogo ya uwezo wa mbinu yenyewe, na uwezo uliobaki hauwezi kufikiwa na kila mradi wa utafiti kwa kujinunulia mashine yake, kwa sababu saitomita kamili ya utafiti hugharimu mamia ya maelfu ya dola kabla ya kuhesabu matengenezo, vitendanishi na mtaalamu wa kuiendesha.

Ndani ya mashine hiyo damu haimiminiki ovyo. Sampuli huingizwa katikati ya mkondo wa maji ya chumvi yaliyochujwa, ambao huizunguka na kuibana mpaka seli zinalazimika kujipanga mstari mmoja, jinsi malori ya barabara kuu ya Morogoro yanavyopita moja moja juu ya mizani pale Mikese. Kila seli inapokatiza mwale wa leza, mwanga unaosambaa kuelekea mbele hudokeza ukubwa wake, ule unaosambaa pembeni hudokeza wingi wa chembechembe zilizomo ndani yake, na rangi zing'aazo zilizobandikwa juu yake huonesha ni seli ya aina gani. Rangi hizo hazishiki seli zenyewe. Hubebwa na kingamwili, yaani protini zilizotengenezwa ili kila moja itambue alama moja tu juu ya utando wa seli, ikiwemo hiyo alama iitwayo CD4 ambayo hupatikana hasa kwenye seli T saidizi zinazoongoza mwitikio wa kinga. Maelfu ya seli hupimwa kwa sekunde moja, na mashine za daraja la juu zaidi zinaweza pia kuzitenga, kwa kuvipa chaji ya umeme vitone vilivyobeba seli zinazotakiwa na kuvielekeza kwenye chombo chake vikiwa bado na uhai ndani.

Kazi ya mteknolojia huanza kabla ya sampuli ya kwanza kufika. Huangalia tangi la maji ya chumvi na lile la taka, huwasha leza na kuiacha ipate joto, kisha hupitisha vishanga vidogo vya plastiki vyenye mng'ao unaojulikana kiwango chake, na vilele vya grafu vikisogea kutoka mahali vilipokuwa jana, hakuna damu ya mtu inayopimwa mpaka sababu ipatikane. Baada ya hapo huchukua matone machache ya damu, huyachanganya na kingamwili zenye rangi, huyaweka gizani kwa muda wa dakika 15 hadi 30 kwa kuwa mwanga hufifisha rangi hizo, huziyeyusha chembe nyekundu ambazo zingezifunika nyeupe, ndipo huiweka mirija kwenye mashine. Kinachojitokeza kwenye skrini ni mawingu ya nukta, kila nukta ikiwa seli moja, na mtaalamu huchora mipaka kuzunguka kundi analolitafuta. Mipaka hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote, kwa kuwa wataalamu wawili wasiofundishwa pamoja wanaweza kuichora tofauti na kutoa majibu mawili kutokana na damu ile ile.

Historia ya mbinu hii ni fupi. Mack Fulwyler alieleza kifaa cha kutenga seli mwaka 1965 huko Los Alamos, Marekani, Wolfgang Göhde akatengeneza mashine ya kupima mng'ao wa rangi huko Münster, Ujerumani, mwaka 1968, na Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford akaunganisha upimaji wa mng'ao na utengaji wa seli. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walivumbua, huko Cambridge, njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila kikomo, na bila uvumbuzi huo mashine zote hizo zingebaki na macho yenye machache ya kutambua.

Thamani yake kwa Afrika Mashariki inaonekana vizuri katika utafiti uliofanywa wilayani Kyela, mkoani Mbeya, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na washirika wake wa Munich. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba watu waliokuwa na minyoo ya *Wuchereria bancrofti*, ambayo husababisha matende na mabusha, waliambukizwa VVU kwa kiwango cha takribani mara mbili ya kile cha wasiokuwa nayo. Takwimu hizo zenyewe zilikuwa za kushtua, lakini hazikueleza sababu. Uchunguzi wa seli uliofuata, uliotumia saitometria, ulikuta kwamba wenye minyoo hiyo walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya seli za CD4 zilizokwisha kuamshwa, na seli za namna hiyo ndizo VVU hupenda kuziingia. Kuhesabu CD4 peke yake kusingefichua jambo hilo, kwa kuwa tofauti ilikuwa katika hali ya seli. Vivyo hivyo huko Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio ya chanjo ya malaria iliyotengenezwa kwa vimelea vizima, ripoti ya mwaka 2018 ilionesha kwamba kingamwili za Watanzania waliochanjwa zilikuwa chini kuliko za Wamarekani waliopewa chanjo hiyo hiyo. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kueleweka kwa kusoma majedwali ya Marekani. Ni lazima seli za Watanzania zichunguzwe, na zichunguzwe zikiwa hai.

Hapo ndipo suala la umbali linapoingia, nalo ni zito kuliko wengi wanaopanga bajeti wanavyodhani. Kwa mfano, Kinole iko kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, katika eneo la ndizi, mananasi, karafuu na pilipili manga, na damu itakayochukuliwa huko kwa ajili ya utafiti italazimika kushuka kwa njia ya Mkuyuni hadi Morogoro mjini kabla ya kufikia barabara kuu. Kwa kipimo cha CD4, damu iliyo kwenye mirija yenye dawa ya kuzuia kuganda hustahimili kwa kawaida saa 48, mradi isipigwe jua wala kugandishwa. Kwa uchunguzi wa utendaji wa seli, ambao ndio wenye majibu ya maana zaidi, seli nyeupe hutakiwa zitenganishwe mapema, na maabara nyingi huweka ukomo wa saa 8, kisha zigandishwe taratibu, takribani nyuzi 1 kwa dakika, kabla ya kuhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Masika yanapoifanya njia iteleze, saa hizo 8 huisha mapema sana.

Kwa hiyo maabara ya pamoja haipaswi kufikiriwa kama chumba chenye mashine ambacho watu hupeana zamu, ingawa zamu zimo. Ni mpangilio mzima unaoanza pale damu inapochukuliwa. Kituo kidogo cha kutenganisha na kugandisha seli kinahitajika karibu na watoa damu, na kazi hiyo huhitaji mashine ya kuzungushia damu, kabati safi na mtu aliyefundishwa, si saitomita. Seli zikishaganda zinaweza kusubiri wiki au miezi, na kusafirishwa kwa pamoja hadi Bagamoyo kwa barabara ya Chalinze na Msata, au hadi Dar es Salaam, mahali ambapo mashine moja nzuri, ikitunzwa na wataalamu wawili wa kudumu, inaweza kuhudumia miradi kadhaa. Kila mradi hulipa kwa saa unazotumia, na malipo hayo ndiyo yanayogharimia mkataba wa matengenezo, vishanga vya kila asubuhi na ushiriki katika mipango ya kimataifa ya kuhakiki ubora, ambayo hutuma sampuli zilezile kwa maabara nyingi na kulinganisha majibu yao. Mradi wa miaka 3 hauwezi kuyafanya hayo peke yake. Fedha zake zikiisha, mtaalamu huondoka, na leza iliyonunuliwa kwa shida hubaki imefunikwa kitambaa.

Hata mashine za CD4 zilizotapakaa hospitalini haziwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa nyingi zimefungwa kwenye kipimo hicho kimoja na rangi chache, na tangu Tanzania ilipoanza mwaka 2016 kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri CD4 ishuke, mzigo wa kufuatilia tiba umehamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi.

Morogoro ina sababu ya ziada ya kulitazama suala hili, nayo ni mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa tiba ya wanyama, na ndigana kali, ambayo vimelea vyake huingia katika seli nyeupe za ng'ombe na kuzifanya zizaliane kama saratani, ni ugonjwa ulioeleweka kwa kiasi kikubwa kupitia kingamwili za seli za ng'ombe zilizotengenezwa Nairobi na taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Taasisi hiyo pia iliwafungulia wanasayansi wa nchi jirani maabara zake kupitia kitovu chake cha sayansi ya viumbe kiitwacho BecA, na ingawa kitovu hicho kilijikita zaidi katika jenetiki, kilithibitisha kwamba mtafiti wa Tanzania anaweza kufanya kazi ya daraja la juu kwa vifaa asivyovimiliki. Leza haijali kama seli ni ya mtu au ya ndama. Kinachobadilika ni kingamwili na taratibu za usalama.

Mwanakijiji wa Kinole anayetia sahihi hati ya ridhaa hutoa damu akiamini kwamba itatumika, na kuiacha iharibike njiani au kwenye friji kwa kukosa mahali pa kuipimia ni kumvunjia ahadi. Vyuo na taasisi zinazoandaa maombi ya fedha za utafiti mkoani Morogoro zinapaswa, kabla ya kuandika mstari wa kununua saitomita mpya, kuulizia saa zilizo wazi katika mashine zilizopo nchini, na kuelekeza fedha hizo kwenye mafunzo ya wateknolojia na nitrojeni ya kugandishia seli hapo hapo Morogoro.