Pima, Uliza, Ndipo Ulipe: Kununua Kitambaa na Uzi wa Kushona Nyumbani

Umewahi kununua kitambaa kwa sababu tu picha yake ilipendeza kwenye simu? Mimi nimewahi. Mwaka jana dadangu anayeishi Mombasa alijifungua, nikaamua kumshonea mtoto nguo za pamba, maana joto la Pwani halina mchezo. Nikaona kitambaa mtandaoni, muuzaji akaniambia ni "pamba tupu", nikamtumia shilingi 1,800 papo hapo. Kilichofika kilikuwa poliesta: kinateleza, hakinyonyi jasho. Mtoto angetoka vipele siku ya kwanza. Muuzaji naye akaacha kushika simu.

Hapo nilijifunza jambo moja. Huduma ya kurudisha pesa inamsaidia aliyekosea nambari. Mimi sikukosea nambari, nilikosea kitambaa. Kwa hivyo kujilinda kwenyewe ni kabla ya kuweka PIN. Hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi.

Anza na mradi, kisha utafute kitambaa

Chukua mfano wa foronya za mito ya kochi, mito ya sentimita 45 kwa 45. Kila foronya inayofungwa kwa kupishanisha kitambaa nyuma, bila zipu, inahitaji kipande cha upana wa sentimita 48 na urefu wa karibu 108. Leso moja ina karibu sentimita 110 kwa 150, kwa hivyo inatoa foronya tatu. Leso huuzwa mbili mbili, basi pea moja inakutosha foronya sita. Ukiwa na hesabu hiyo mfukoni, huwezi kuuziwa mita tatu za ziada.

Muulize muuzaji maswali mawili: upana ni ngapi, na bei ni ya mita au ya yadi? Yadi ni sentimita 91 tu. Kitenge cha yadi sita ni kama mita tano na nusu, sio sita.

Twende wapi?

Nairobi, Biashara Street ina maduka ya vitambaa, blanketi na nyuzi za kufuma. Eastleigh utapata vitambaa vya marobota kwa bei nafuu, hasa ukinunua vingi. Gikomba usiende kutafuta nguo peke yake: shuka na mapazia ya mitumba ni mita nyingi za kitambaa ambacho tayari kimefuliwa, hakitaruka tena. Mombasa, Biashara Street ya huko ndiyo nyumbani kwa leso.

Mawazo ya mtindo

Huhitaji kitabu cha mitindo. Pindua nguo ya mtumba ndani nje uone ilivyoungwa, au fumua ile gauni yako iliyochakaa ikupe vipimo vya mpya. Leso yenyewe ni mwalimu: ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa. Pindo linafaa upindo wa pazia, na mji unafaa katikati ya mto. Lakini leso mpya huja na wanga na rangi inaweza kutoka. Ifue peke yake kabla ya kukata.

Kwa wanaofuma

Uzi mpya ukikulemea bei, nunua sweta ya mtumba uifumue. Angalia mshono wa ubavuni kwanza. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, iache, kwa sababu utapata vipande vifupi vifupi. Kingo zikiwa zimefumwa vizuri bila kukatwa, uzi utatoka mrefu. Uviringe, uufue, uutundike ukauke, nao utanyooka.

Ukinunua uzi mpya, soma lebo. Kuna nambari inayoonyesha nyuzi zilizotiwa rangi pamoja. Nunua zote za nambari moja, la sivyo mkono mmoja wa sweta utakuwa na rangi tofauti kidogo.

Pamba au sio pamba?

Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko.

Sasa unaweza kulipa

- Kama huwezi kufika dukani, nunua nusu mita kwanza ya kujaribu. Afadhali upoteze pesa ya nusu mita kuliko ya mita nne.
- Omba video iliyochukuliwa mchana, kitambaa kikiwa mkononi mwa muuzaji, na futi juu yake.
- Lipa kwa nambari ya till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Likiwa tofauti na jina la duka, simama uulize.
- Ukiweza, lipa kitambaa kikifika na ukishakikagua.
- Usifute ujumbe wa malipo. Pamoja na mazungumzo yenu, ndio ushahidi wako wa ulicholipia na uliyemlipa.

Yule mtoto? Nilipoenda kumwona nilipitia Biashara Street ya Mombasa, nikashika leso kwa mkono wangu, nikalipa kwa till, nikasubiri ujumbe uingie. Magauni manne madogo yalitoka, na kipande cha pindo kikabaki cha kofia. Yale ya poliesta? Nimeyafanya mfuko wa kuwekea nyuzi zangu. Kila nikiufungua, nakumbuka kuuliza kwanza.