Ukingo wa Matofali kwa Bustani ya Maua

Mbele ya nyumba nyingi za Lubumbashi pana bustani ndogo ya maua, kazi ya mama na watoto wake. Wakati wa kiangazi huinyweshea maji kila jioni. Lakini mvua kubwa zikifika mwezi wa Novemba, ule udongo mzuri uliotiwa samadi huchukuliwa na maji hata njiani, na mizizi ya kana na zinia hubaki wazi. Basi, baba mwenye nyumba, kuuzuia udongo huo ni kazi yako, nayo yafaa ifanywe mwezi wa Septemba.

Usinunue matofali mapya. Katika nchi hii mengi hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu, tena huchomwa kwa kuni za msitu, nayo misitu iliyo karibu na mji imekwisha pungua sana. Waombe wajenzi yale waliyoyaacha. Hata tofali lililovunjika pembe lafaa. Lakini uyachague. Gonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, yasiyoiva hutoa sauti nzito. Ukiona shaka, tia moja katika ndoo ya maji usiku kucha. Likilegea, litupe, kwani mvua italiyeyusha.

Mwagia maji mahali pa kuchimba siku moja kabla, maana udongo wa kiangazi ni mgumu. Kisha simika vijiti pembeni, funga kamba, uchimbe mfereji wa sentimita 12. Tandaza mchanga sentimita 2, usimamishe matofali yakibanana, nusu ardhini, nusu juu, ukashindilie udongo pande zote mbili. Bustani ya meta 3 kwa meta 1 ina mzunguko wa meta 8. Tofali likiwa na upana wa sentimita 10, yatakiwa 80 hivi. Wengine huyainamisha kama meno ya msumeno. Yapendeza machoni, ila watoto wanaocheza huumia miguu.

Simenti haihitajiwi: maji ya ziada yapate kupenya kati ya matofali, yasije yakaozesha mizizi. Udongo wa ndani nao uwe chini ya ukingo kwa vidole viwili.

Tena, bustani isiegemee ukuta, hasa ukuta wa matofali mabichi. Udongo wenye maji daima hulainisha msingi wa nyumba. Uache nafasi ya meta 1.