Mtoto Anapocheza Voliboli ya Mchangani Wakati wa Baridi

 

Majuzi mama mmoja alinisimamisha sokoni hapa Mtito Andei, mkononi ameshika fulana ya mitumba ya mikono mirefu. Binti yake yuko katika timu ya voliboli ya shule, na mwalimu ameanza kuwafanyisha mazoezi mapema asubuhi kwenye mchanga wa mto uliokauka. Akaniuliza, "Sista, nimwache aende na baridi hii, ama nimzuie? Mwaka jana alirudi akakohoa wiki mbili nzima."

Swali hilo nimelisikia kwa wengi. Muhula wa pili ndio wakati wa voliboli mashuleni, na muhula wa pili huangukia kwenye baridi ya mwezi wa sita hadi wa nane. Wazazi wengi wa huku hawana mazoea ya kujiandaa kwa baridi. Tunasema baridi ni ya watu wa Mbooni na Kilungu, sisi wa tambarare tuna jua. Ni kweli kwamba maji hayagandi hapa. Lakini asubuhi ya Julai, mawingu yakiwa yametanda na upepo unavuma, mtoto aliyevaa kaptura na fulana nyepesi hutetemeka Mtito Andei sawasawa na anavyotetemeka Nunguni.

Tena mchanga una tabia yake. Mchanga mkavu hauhifadhi joto kwa muda mrefu. Usiku joto lote huondoka, na saa kumi na mbili asubuhi ukiukanyaga pekupeku ni kama kukanyaga jiwe lililotoka kisimani. Jua likitokea, saa sita mchana mchanga huohuo unachoma nyayo. Kwa hiyo mtoto anahitaji mavazi ya kuvua na kurudishia. Koti moja zito la kuanzia asubuhi hadi jioni halitamfaa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mchezo wenyewe haumletei mtoto baridi. Voliboli ya mchangani huchezwa na watu wawili kila upande, na hao wawili wanalinda eneo la mita 8 kwa 8 bila mchezaji wa akiba. Kukimbia na kuruka kwenye mchanga laini ni kazi kuliko kuruka kwenye uwanja mgumu. Baada ya dakika chache mtoto anatokwa na jasho hata kama wewe uliye kando umejifunga leso mbili. Baridi humkuta akiwa amekaa. Humkuta alfajiri nyuma ya pikapu akisafirishwa kwenda mashindanoni, halafu tena akingoja zamu ya timu yake, na zaidi ya yote baada ya mchezo, nguo zikiwa zimelowa na mwili umetulia.

Mnaufahamu mtungi wa maji wa udongo. Maji yanapenya polepole hadi nje ya mtungi, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini yana ubaridi mtamu. Mtoto aliyekaa kwenye upepo na fulana iliyolowa jasho ni mtungi vilevile. Joto la mwili wake linaondoka kupitia nguo ile.

Basi tumvishe vipi? Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba nzito. Pamba ni nzuri kwa mambo mengi, lakini ikishanyonya jasho inakaa na maji. Tafuta kitambaa chepesi kama cha jezi za mpira, kinachokauka haraka. Sokoni fulana za namna hiyo za mikono mirefu hupatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo, na yule mama alikuwa ameshika moja nzuri kabisa bila kujua. Chini avae taitsi ndefu, na juu yake kaptura ya timu. Juu ya hayo yote ndipo inapokuja sweta ya shule au traksuti, na hiyo ni ya kusafiria, kungojea na kupumzikia. Koti zito au lenye kofia ya kuning'inia asicheze nalo. Linamzuia kuinua mikono, na akipata joto kupita kiasi atalivua ghafla akiwa amelowa. Hereni, saa na mkufu viachwe nyumbani.

Najua kuna kina mama wanaosita kwa sababu nyingine. Wameona kwenye televisheni wasichana wanaocheza ufukweni wamevaa nguo ndogo mno, wakadhani ndiyo sheria. Zamani shirikisho la voliboli la dunia lilikuwa kali kuhusu vazi hilo, lakini mwaka 2012, kabla ya Olimpiki ya London, sheria ililegezwa na kaptura na fulana zenye mikono zikaruhusiwa. Katika michezo hiyohiyo ya London, usiku ulipokuwa na baridi, Misty May-Treanor na Kerri Walsh Jennings wa Marekani walicheza wakiwa na mikono mirefu, na mwishowe wakachukua dhahabu. Mwaka 2016 kule Rio, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu. Nasi Wakenya tuliwakilishwa na Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021. Kwa hiyo taitsi ndefu haimpunguzii binti yako chochote. Akiwa katika siku zake, taitsi ya rangi nyeusi na pedi za ziada mkobani humwondolea wasiwasi, nawe umkumbushe bila kumwaibisha mbele ya kaka zake.

Miguu ina shida yake. Kwa kawaida mchezo huu huchezwa pekupeku, isipokuwa refa aruhusu kuvaa kitu miguuni. Mchanga ukiwa baridi sana, mwalimu amwombe refa ruhusa ya soksi nzito. Wakati wa kungoja, mtoto avae soksi kavu na viatu. Mchanga wa mtoni nao una miiba, vipande vya chupa, na mahali pengine funza. Nyayo zilizokufa ganzi kwa baridi hazisikii mwiba. Akirudi nyumbani mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uikague katikati ya vidole. Kidonda kirefu kisafishwe na mtoto apelekwe zahanati, mwulize mhudumu kama anahitaji sindano ya pepopunda. Na kabla ya kuingia mtoni, mtu mzima apite kwanza kuangalia mashimo ya wachimba mchanga.

Kuhusu kupasha mwili moto, hapa ndipo watoto wengi wanaumia. Wanashuka kwenye gari, wanavua sweta, wanaanza kupiga mpira kwa nguvu. Misuli iliyopoa ni kama mpira wa manati ulioachwa nje usiku, haunyooki vizuri, na goti au bega ndilo linaloteguka. Waanze na kutembea haraka, kisha kukimbia polepole, kuzungusha mabega, kuruka kidogo kidogo, dakika kumi hadi kumi na tano, sweta ikiwa bado mwilini. Jasho likianza kuonekana kwenye paji la uso, ndipo sweta ivuliwe. Kumpaka mtoto mafuta ya kuchua yanayowasha hakuchukui nafasi ya mazoezi hayo. Ngozi inahisi moto, lakini misuli iliyo ndani haijapata kitu.

Mchezo ukiisha, fanya upesi. Asikae hata dakika tano na fulana iliyolowa. Ajipanguse, avae fulana kavu, kisha sweta, soksi na kofia. Ile iliyolowa ifungwe kwenye leso kuukuu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2017. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mashindano, ninunulie mtoto fulana ya pili. Ina faida kuliko jaketi la bei ghali.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Uji wa moto na viazi vitamu asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya mchezo, vinatosha. Muthokoi umngoje jioni. Lakini maji msisahau. Wakati wa baridi mtoto hahisi kiu, ila jasho linatoka na maji yanapotea. Apewe chupa yake ya maji safi, anywe kidogo kidogo hata kama hajaomba.

Turudi kwa kikohozi cha binti wa yule mama. Tumezoea kusema baridi imemwingia kifuani. Homa ya mapafu na mafua huletwa na viini vya ugonjwa. Watoto wakijazana kwenye gari lililofungwa madirisha yote, au wakilala wengi katika darasa moja, viini hivyo hupita kwa urahisi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo dirisha moja lifunguliwe kidogo, hata kama mnalalamika. Na kikohozi cha wiki mbili, mama, usikisingizie voliboli. Mpeleke mtoto kituo cha afya achunguzwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali kupimwa na dawa za TB ni bure. Nilimwambia yule mama hivyo, kwanza apimwe, halafu tuzungumze habari za fulana.

Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza, lakini hewa baridi na kavu inaweza kumbana kifua. Mwalimu lazima ajue. Dawa yake ya kuvuta isiachwe nyumbani wala kwenye gari, iwe mfukoni mwa mtu aliye kando ya uwanja. Kama daktari alimwagiza aivute kabla ya mazoezi, afanye hivyo. Alfajiri afunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia. Akianza kukoroma kifuani au kushindwa kumaliza sentensi, mchezo umeisha kwake. Akae wima, apewe dawa, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitalini. Mwenye ugonjwa wa selimundu naye ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu baridi na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali. Muulizeni daktari wake kabla ya msimu kuanza.

Wewe mama unayekwenda kushangilia na mtoto mchanga mgongoni, usisahau huyo wa mgongoni. Yeye haruki wala hatoi jasho, anapigwa na upepo tu. Mfunike kichwa na miguu, ila pua iwe wazi. Akiwa na kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje fainali. Nenda hospitali.

Nimeacha jambo moja ambalo linanitia hofu kuliko yote. Timu zetu husafiri. Huenda kwenye vilima vya Makueni ambako usiku ni baridi kweli, au huteremka Mombasa, ambako watu hudhani ni joto wakati wote. Mwezi wa saba ufukweni kuna upepo wa kusi, unavuma siku nzima na kurusha mchanga machoni, na manyunyu huja bila taarifa. Watoto hufika wamechoka, wamelowa, wanapewa chumba cha kulala. Halafu mtu mwenye huruma anawaletea jiko la makaa ili wapate joto, na mlango unafungwa.

Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na aliyelala anaweza asiamke kamwe. Familia zimeangamia hivyo wakati wa baridi hapa Kenya. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko lisilale chumbani na watu, hata likionekana limezimika, kwa sababu chini ya majivu makaa bado yanaishi. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, umkimbize hospitalini. Mtoto wako akisafiri na timu, mpe blanketi, na umuulize mwalimu bila kuona haya: watalala wapi, na watapata joto kwa njia gani? Mfundishe na mtoto mwenyewe kusema, "Mwalimu, mama alisema jiko litolewe nje."

Kwa leo naishia hapo. Tukutane kipindi kijacho, tutazungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyatibu nyumbani. Kwaherini.