Kujiandaa kwa Mtihani wa Juu wa Kijerumani: Kazi ya Mwanafunzi na Kazi ya Mwalimu

Mwaka 1916 kilichapishwa mjini Hamburg kitabu cha Otto Dempwolff, aliyekuwa tabibu na mtaalamu wa lugha, kiitwacho Die Sandawe. Ndani yake mna maneno, sarufi na habari za maisha ya Wasandawe, watu wa sehemu ambazo leo zimo katika Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma, ambao lugha yao inajulikana kwa sauti zake za vidoko. Miaka mitano kabla yake, Heinrich Claus alikuwa amechapisha maelezo juu ya Wagogo. Maandishi hayo yote ni ya Kijerumani. Mwanafunzi wa Kwa Mtoro au wa Bahi anayetaka kujua waliyoandikwa babu zake, na kupima kama yaliandikwa kwa haki, hana budi ama kumtegemea mfasiri ama kuijua lugha hiyo kwa kiwango cha juu.

Wako pia wanaoitafuta lugha hii kwa sababu nyingine. Vyuo vikuu vingi vya Ujerumani, kwa masomo yanayofundishwa kwa Kijerumani, humtaka mwombaji athibitishe kwa cheti kwamba amefika ngazi inayoitwa C1 au inayolingana nayo. Ngazi hizo zimo katika mpango uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, nazo ni sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mtihani wa C1 wa Goethe-Institut una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na katika kila sehemu mtahiniwa anatakiwa apate alama zisizopungua 60 kati ya 100. Alama nyingi za kusoma haziwezi kufidia upungufu wa kuzungumza. Jambo hili ndilo linalowaangusha wengi waliojifunza peke yao, kama tutakavyoona.

Hesabu ya saa

Goethe-Institut hukadiria kwamba mtu anayeanza bila kujua neno huhitaji vipindi 800 hadi 1,000 vya dakika 45 ili afike C1. Hizo ni saa 600 hadi 750. Anayejifunza saa moja kila siku atamaliza kwa muda wa miaka miwili hivi, bila kuruka siku. Na katika nyanda hizi za kati ni nani asiyeruka siku mvua za Desemba zinapoanza na mtama unangoja kupandwa? Kwa hiyo saa hizo chache zisipotee.

Mtu wa kwanza kupima kwa majaribio jinsi saa za kujifunza zinavyopotea alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus. Alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri safu za silabi zisizo na maana, kisha akipima ni kazi kiasi gani aliyoiokoa alipozikariri upya baada ya muda. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1885, mwaka uleule ambao Carl Peters alipewa hati ya ulinzi na Kaisari kwa nchi alizozidai huku kwetu. Ebbinghaus aliona kwamba baada ya saa moja kazi iliyookolewa ilikuwa asilimia 44 tu, baada ya siku moja asilimia 34 hivi, na baada ya siku 31 asilimia 21. Yaani usahaulifu huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Kila mara jambo linaporudiwa kabla halijapotea kabisa, safari inayofuata ya kulisahau huwa ndefu zaidi.

Katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner aliigeuza elimu hii kuwa chombo rahisi: sanduku lenye vyumba vitano na kadi za maneno. Neno ulilolikumbuka husogea chumba cha mbele, ambako hurudiwa mara chache. Ulilolisahau hurudi chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Boksi la sabuni na majalada ya madaftari yaliyokwisha hutosha. Nomino iandikwe pamoja na kibainishi chake na wingi wake, na upande wa pili iandikwe sentensi nzima ya Kiswahili, si neno tupu.

Msomaji atasema kwamba yeye huelewa zaidi anaposoma kitabu mara nne kuliko anapojiuliza maswali. Jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kwamba hisia hiyo hudanganya. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 56 ya habari, na waliorudia kusoma asilimia 42.

Mahali ambapo Mswahili ana heri

Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na kivumishi hubadilika kufuata jinsia, idadi na kazi ya nomino katika sentensi. Mto mkavu, kama ilivyo mito yetu mingi wakati wa kiangazi, ni ein trockener Fluss. Ukiutaja mto huo ambao msomaji anaujua tayari, ni der trockene Fluss. Na ndani ya mto mkavu ni in einem trockenen Fluss. Mtu aliyekulia katika lugha isiyo na upatanisho hushangazwa na jambo hili. Anayesema mto mkavu, mito mikavu, kisima kikavu na visima vikavu bila kufikiri amekwisha kuizoea nusu ya kazi. Kinachobaki ni kukariri jinsia, maana nomino ya Kijerumani aghalabu haionyeshi jinsia yake usoni kama yetu inavyoonyesha ngeli.

Mpangilio wa maneno ni shida zaidi. Der Regen wird kommen ni “mvua itakuja”. Lakini ukianza na “kwamba”, kitenzi kisaidizi hukimbilia mwisho: dass der Regen kommen wird. Hapa wenyeji wa Kondoa wana jambo la kuwashangaza wenzao. Katika Kirangi, ingawa ni lugha ya Kibantu, baadhi ya sentensi za wakati ujao huweka kitenzi kikuu kwanza na kisaidizi nyuma yake, na mpangilio huo hugeuka katika vishazi vya urejeshi na katika maswali ya aina fulani. Ni kinyume cha Kijerumani, lakini kanuni ya kugeuza mpangilio kwa kufuata aina ya kishazi ni ileile. Mwalimu wa lugha mwenye wanafunzi Warangi angefanya vyema kuanzia hapo.

Sikio lisilojisikia

Mpaka hapa mwanafunzi hakumhitaji mtu. Sasa atamke maneno mawili: Staat, yaani dola, na Stadt, yaani mji. Yanatofautiana kwa urefu wa irabu peke yake. Kisha atamke schon, “tayari”, na schön, “-zuri”. Mzungumzaji wa Kiswahili aghalabu hutamka kila jozi kwa namna moja, na lililo gumu zaidi ni kwamba huzisikia kwa namna moja pia. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba mtoto mchanga huzitambua tofauti za sauti ambazo lugha ya nyumbani kwake haizitumii, lakini anapokaribia mwaka mmoja uwezo huo huwa umefifia sana. Haujafa kabisa: mtu mzima anayesikiliza jozi kama hizo kutoka kwa wasemaji wengi tofauti, na kuambiwa papo hapo kama amekosea, hurudishiwa sehemu yake.

Maneno “kuambiwa papo hapo” ndiyo kiini. Kosa la kukumbuka hujitokeza lenyewe, kwa kuwa kadi ina jibu mgongoni. Kosa la kutamka au la kuandika halijitokezi, maana anayelisahihisha ni yuleyule aliyelifanya. Akiandika insha arobaini peke yake, ataweza kulikomaza kosa moja mara arobaini.

Mwalimu na wakati wake

Mwaka 1984 Benjamin Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayefundishwa peke yake huwashinda asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani kwa kawaida. Tafiti za baadaye zimeipata faida ndogo kuliko hiyo, ingawa bado ni kubwa. Kwa maoni yangu, wengi wetu hukosa hata faida hiyo kwa sababu ya kumlipa mwalimu wa twisheni afanye kazi ya kitabu: kusoma orodha za maneno kwa sauti na kueleza kanuni zilizokwisha chapishwa. Anayeweza kulipia saa moja tu kwa wiki aitumie kwa yale mawili asiyoyaweza peke yake.

Aandike mapema insha yenye hoja, ya maneno kama 230 kama ile ya mtihani, na kuipeleka. Mwalimu apige mstari chini ya makosa bila kuyasahihisha, mwanafunzi ayatafute mwenyewe, kisha wazungumze juu ya yale yaliyomshinda. Nusu ya pili iwe ya hotuba fupi na maswali, mwalimu akipinga kila hoja, huku simu ikinasa sauti. Nyumbani mwanafunzi asikilize, na makosa matatu ya kila wiki yaingie katika sanduku la kadi. Mwalimu akiwa mbali, simu yenye mtandao yatosha. Asipatikane kabisa, wanafunzi wawili wanaosahihishana ni bora kuliko mmoja, ingawa wote wawili watakuwa viziwi wa ö.

Kabla ya kulipa ada, mtahiniwa wa Dodoma aulize kituo kinachomfaa na tarehe zake, kwa kuwa si kila ngazi hutahiniwa kila msimu. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imeifanya safari kuwa ya saa chache. Hata hivyo ni vyema kulala huko usiku mmoja kabla ya mtihani. Aliyeshindwa sehemu moja anaweza kuirudia hiyo peke yake. Na anayekusudia kwenda Nyaraka za Taifa kusoma majalada ya wakati wa Wajerumani ajue kwamba mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao cheti cha C1 hakiufundishi. Huo utamtaka wiki nyingine kadhaa, na kalamu mkononi.